Jinsi ya kusikika kwenye jamii ya muziki mtandaoni bila kujipigia debe

Wimbo wangu wa kwanza niliuweka mtandaoni usiku mmoja, kwenye makundi tisa kwa mpigo, kila mahali kwa maneno yaleyale: "Wimbo mpya huu, sikilizeni mniambie." Kulipokucha makundi manne yalikuwa yameufuta, moja lilikuwa limenitoa kabisa, na kwenye yale mengine hapakuwa na neno hata moja. Niliumia sana. Niliamini kwamba wenye makundi wanaogopa sauti mpya. Ulipita karibu mwaka mzima ndipo nikaelewa kuwa hakuna aliyeuchukia wimbo wangu, kwa sababu hakuna aliyeusikiliza. Walichokiona ni mtu asiyemjua yeyote, ameingia kwa kishindo, ametua mzigo mlangoni na kuondoka zake.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa usiku ule. Mimi ni mwimbaji. Narekodi sauti yangu mara kumi, mara kumi na mbili, napanga moja juu ya nyingine mpaka inakuwa kwaya ya mtu mmoja, kisha nachanganya mwenyewe kwenye kompyuta. Mambo ya maprodyuza na wauza biti nayajua kwa kukaa nao miaka mingi kwenye majukwaa yaleyale. Nilichojifunza ni hiki: watu wa muziki mtandaoni hukufahamu kwa namna unavyosikiliza kabla hawajakufahamu kwa namna unavyoimba. Wakishakukubali, watakufundisha kufanana nao, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Kaa kwanza, usiweke kitu

Jipe wiki mbili za kusoma tu. Soma kanuni zilizobandikwa juu, zote, hata kama ni ndefu. Kisha angalia ni nyimbo zipi zinapata majibu ya watu waliosikiliza kweli. Usihesabu alama za kupenda, zile hutolewa na kidole hata kabla wimbo haujafika kiitikio. Hesabu maoni yanayotaja kitu ambacho asiyesikiliza asingeweza kukitaja.

Utagundua kuwa kila jamii ina msimamo wake kuhusu mtu anayejitokeza. Chukua Disquiet Junto, jamii ya mtandaoni ya watu wanaotunga muziki kwa maagizo, iliyoanzishwa na Marc Weidenbaum Januari 2012. Kila Alhamisi hutolewa agizo moja, na wanaoshiriki wana hadi Jumatatu kumaliza. Agizo la kwanza kabisa lilikuwa kurekodi mlio wa barafu ndani ya glasi na kuufanyia kitu. Basi. Watu wote wana barafu ileile, kwa hiyo hakuna haja ya kupiga kelele kwamba wewe ni tofauti: tofauti yako inasikika yenyewe ukiwekwa kando ya wengine waliopewa kitu kilekile. Au chukua FAWM (February Album Writing Month, yaani mwezi wa kutunga albamu), ambako tangu 2004 watu hutunga nyimbo 14 katika siku 28 za Februari. Huko anayeheshimiwa ni aliyemaliza, na aliyekesha akiwatia moyo wenzake, kuliko aliyetoa wimbo mmoja uliong'arishwa kama kioo. Ukiingia huko kwa majigambo ya ubora utaonekana hujui uko wapi. Lakini nenda kwenye jukwaa la kuuza biti, hali ni nyingine kabisa. Pale kila mtu anaita wateja, na ukinyamaza hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani. Mwaka 1987 Karsten Obarski alitoa programu iitwayo Ultimate Soundtracker kwa kompyuta za Amiga, na kutokana nayo ikazaliwa jamii nzima ya watu waliobadilishana faili za muziki. Faili lenyewe lilibeba kila kitu: vipande vya sauti na noti zote. Aliyelifungua aliona jinsi ulivyotengeneza wimbo wako, mstari kwa mstari. Hapakuwa na siri ya kuficha. Na njia za sauti zilikuwa nne tu, kwako na kwa kila mtu. Sifa ilimwendea yule aliyezifanya nne zisikike kama nane. Tena, zile nafasi za kuandikia majina ya vipande vya sauti watu walizitumia kuandika salamu kwa wenzao. Nikifikiria hilo hufarijika: mtu anatoa kazi yake bora, na ndani yake ameacha nafasi ya kuwataja wengine.

Acha masikio yako yatembee

Ukilalamika kwamba husikilizwi, kuna atakayekujibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu, lakini kwa muziki wa mtandaoni ilinipoteza. Kitambaa kizuri kikitandazwa, mpita njia hukiona hata bila kutaka. Wimbo hauonekani. Mpaka mtu abonyeze, wimbo bora na wimbo mbovu vyote ni jina tu na mstari wa kucheza. Kwa hiyo lazima kitu fulani kitembee. Nashauri yatembee masikio yako, wimbo ubaki nyumbani ukisubiri wageni.

Maana yake ni kutoa maoni, na kutoa maoni ni kazi yenye ufundi wake. Maoni mabaya unayajua: "Moto sana mkuu, nipitie na mimi." Hilo si neno juu ya wimbo, ni ankara.

Fanya hivi. Sikiliza wimbo wa mtu mara mbili, kwa hedifoni, bila kufanya jambo lingine. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili shika muda, na pale kitu kilipokugusa au kukukwaza andika dakika na sekunde. SoundCloud wamerahisisha hili kwa kuruhusu maoni yabandikwe penye sekunde yenyewe ya wimbo, lakini hata mahali pasipo na chombo hicho unaweza kuandika muda kwa mkono. Kisha sema ulichosikia kabla ya kusema unachoshauri. Haya ni maoni niliyomwandikia prodyuza mmoja nisiyemjua:

"1:12 besi inaingia kabla ya ngoma, nikahisi kama sakafu imeteleza chini yangu. Ulikusudia? Kama ulikusudia, iache peke yake sekunde mbili zaidi, kwa sababu ngoma imeniwahi kabla sijamaliza kuogopa. Kinanda cha mwisho kimenibaki kichwani."

Alinijibu baada ya nusu saa. Hakuwa amekusudia. Lilikuwa kosa la kuvuta faili vibaya, akaamua kuliacha na kulirefusha. Tangu siku hiyo hakuna wimbo wangu uliopita bila yeye kuusikiliza hadi mwisho, na sikumwomba hata mara moja.

Kwangu mimi kanuni ni nyimbo kumi za wengine kwa mmoja wangu. Makundi mengi yana kanuni ya kutoa maoni kabla ya kuomba, lakini watu huitimiza kwa kuandika "safi" mara tatu na kupandisha wimbo wao. Wanaojua kusikiliza wanaona. Anza na nyimbo zisizo na maoni hata moja. Aliye na maoni mia moja hatayakumbuka yako. Aliyekuwa na sifuri atakukumbuka mwaka mzima.

Zamu yako ikifika

Uliza swali moja. "Mnauonaje?" si swali, na "kuweni wakweli" inawaita wale wanaodhani ukweli ni matusi. Tazama tofauti:

"Sauti kumi na mbili, zote zangu, maiki moja. Naomba masikio yenu kwenye jambo moja: kuanzia 1:40, sauti za chini zinaifunika sauti kuu, au maneno bado yanasikika? Nimesikiliza kwenye hedifoni na kwenye simu tu, sina spika."

Ombi hilo linampa msikilizaji mahali pa kushika. Anajua aende sekunde gani, anajua una vifaa gani, na anaweza kukusaidia kwa dakika mbili za muda wake. Ajabu ni kwamba akishafika 1:40 na kuona unajali, mara nyingi hurudi mwanzo na kusikiliza wote. Usijibu kila ukosoaji kwa kujitetea. Shukuru, uliza kama hujaelewa, na kama neno limekuchoma, lala nalo usiku mmoja kabla ya kuandika.

Upi ushauri wa kuchukua, upi wa kukataa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza wimbo nikaupata tena.

Ushauri mwingine ni wa kosa, na huo upokee mara moja. Sauti inapasuka kwa sababu umerekodi kwa nguvu kupita kiasi. Herufi s zinachoma sikio, jambo linalotokea zaidi kati ya kilohezi 5 na 8, na linatibika. Besi imekuwa tope, au maneno yanapotea ukisikiliza kwenye spika ndogo ya simu. Haya hayana ubishi na hayagusi utu wako. Anayekuambia hivyo amekusaidia.

Kwenye kosa naweka pia mashindano ya ukubwa wa sauti, ambayo bado yapo kwenye makundi mengi. Mtu anaubana wimbo, yaani anapunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa ili wote usikike kwa nguvu, mpaka unafika LUFS -7 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa), akidhani utawafunika wengine. Lakini Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, hupeleka nyimbo kwenye kiwango cha karibu LUFS -14. Wimbo wako utashushwa kwa desibeli saba hivi, na kitakachobaki ni ule ubanaji: ngoma bapa, sauti isiyo na nafasi ya kupanda. Debe tupu haliachi kuvuma, na mashine sasa zinalishusha.

Ushauri mwingine lakini ni wa tabia ya wimbo. Huu huja kwa lugha ileile ya ufundi, kwa hiyo ni rahisi kuumeza.

Niliweka wimbo wa dakika tatu, sauti tupu bila ala. Watu watatu, bila kushauriana, wakaniambia pumzi zinasikika mno, niziondoe ili wimbo uwe safi. Nilikuwa mgeni, nikatii. Nilikaa usiku kucha na mkasi wa programu. Kwenye sauti kuu peke yake nilihesabu pumzi 37. Kila moja ilikuwa na umbo lake kwenye skrini, kama jani jembamba lililolala, na kabla ya kiitikio cha mwisho palikuwa na moja ndefu kuliko zote, kwa sababu sentensi inayofuata ni ndefu na nilijua itanimaliza. Nikazikata zote. Asubuhi niliposikiliza, wimbo ulikuwa unaimbwa na mtu asiyehitaji hewa. Maneno yalikuwa yaleyale, noti zilezile, lakini ule woga wa kabla ya kiitikio haukuwapo tena. Niliupandisha. "Sasa umekaa vizuri," wakasema. Na hakuna aliyeurudia.

Wiki moja baadaye nilizirudisha. Sikuzirudisha zote: sita zilikuwa na mlio wa mate, hizo niliziacha nje, na zile zilizopiga kelele kuliko maneno nikazishusha desibeli sita. Yaani wale watu watatu walikuwa wamesikia jambo la kweli. Pumzi kadhaa zilikuwa mbaya. Kosa lilikuwa langu, kudhani kwamba kusafisha ni kufuta.

Miezi mingi baadaye tulifanya shindano la kupiga kura bila majina. Nyimbo zilipandishwa na msimamizi, hakuna aliyejua upi ni wa nani. Chini ya wimbo wangu, mtu mmoja aliandika: "Huyu namjua. Msikilizeni anavyovuta hewa kabla ya kiitikio." Nilishika nafasi ya saba, na nafasi hiyo haikunisumbua hata kidogo.

Kwa hiyo ukipewa ushauri, jiulize: huyu ananieleza kinachomzuia kuusikia wimbo, au ananieleza wimbo ambao angependa kuutunga yeye? Wote wawili wanaweza kuwa na nia njema. Halafu weka daftari. Andika kila unachoambiwa na tarehe, sifa na lawama pamoja. Baada ya nyimbo saba au nane, lisome lote kwa mkupuo mmoja. Kinachojirudia kwenye nyimbo zako bila wewe kukipanga, na watu wasiojuana wakakitaja, awe anayekisifu au anayekilaumu, hicho ndicho chako. Kitunze, kinoe, lakini usikitoe kwa sababu tu kinamshtua mgeni.

Shinikizo la kufanana halitoki kwa watu pekee. Linatoka kwenye pakiti zilezile za sauti ambazo kila mtu amepakua, na kwenye desturi ya kuita biti yako kwa jina la nyota fulani ili itafutwe. Desturi hiyo siilaumu, ni mlango tu. Shida ni kuishi mlangoni. Biti ya "Old Town Road" ilitengenezwa na YoungKio, kijana wa Uholanzi, akaiweka mtandaoni, na mwimbaji Lil Nas X akainunua kwa dola 30. Ilikuwa na ngoma za kawaida za wakati ule, lakini juu yake palikuwa na mlio wa banjo aliouchukua kwenye kazi ya bendi ya Nine Inch Nails ya mwaka 2008. Mwaka 2019 wimbo huo ulikaa wiki 19 kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani. Ngoma zake zingeweza kutoka kwenye kompyuta yoyote. Banjo ile ilikuwa uamuzi wa mtu mmoja.

Wakianza kukujua

Siku ikifika ambapo jina lako linatajwa bila wewe kuwapo, utaona tabia mbili. Wako watakaofurahi kama ni wao. Wako watakaosema umebadilika, unajiona, umewauza. Wa pili wanauma, ila wengi wao wanahofia tu kwamba hutarudi kusikiliza nyimbo zao. Rudi. Toa maoni yaleyale marefu uliyokuwa ukitoa ulipokuwa hujulikani. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza acheze kwao.

Hatari kubwa zaidi niliikuta kwenye sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia. Baada ya lile neno la pumzi, nyimbo tatu zilizofuata nilivuta hewa makusudi. Ndefu, karibu na maiki, mahali pasipohitaji. Mwenzangu mmoja, yule wa besi iliyoteleza, alinitumia ujumbe faraghani: "Dada, sasa unaigiza kupumua." Sikumjibu siku mbili. Kisha nikafungua faili la wimbo wa nne, nikafuta sauti kuu yote, nikaimba upya nikiwa nimesimama, bila kuwaza chochote isipokuwa maneno. Pumzi zilikuja zenyewe pale zilipohitajika. Mtu wa namna hiyo, anayekuambia kwa siri kile ambacho wengine wanakipigia makofi hadharani, mshike sana. Na ukimwona mwenzako anaanza kujiiga, mwambie wewe pia, kwa siri vilevile.

Jambo la haraka kabla sijasahau: nakala za nyimbo zako ziwe kwako. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani uliopendwa na wanamuziki, walikiri kwamba muziki uliopandishwa kwao katika kipindi cha miaka 12 ya mwanzo ulipotea wakati wa kuhamisha data. Majukwaa huja na kuondoka. Weka faili asili mahali pawili, pamoja na maoni unayoyathamini, maana na hayo hupotea.

Usiku wa jana niliingia kwenye kundi moja kati ya yale yaliyonifuta zamani. Chini kabisa palikuwa na wimbo wa mgeni, una saa kumi na moja tangu uwekwe, maoni sifuri. Maelezo yake yalikuwa "Wimbo wangu mpya, sikilizeni." Niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa nimefumba macho. Gitaa lilikuwa limelegea uzi mmoja na sauti ilipasuka mara mbili. Mara ya pili nikashika muda, nikaandika: "0:47, umecheka kidogo katikati ya neno ukaendelea kuimba. Usilifute hilo. 2:03 sauti inapasuka, sogea mbali na maiki kama kiganja kimoja. Nani alikuwa chumbani, uliyemchekea?"